Daftari la Bwana Lheureux

Watu wakizungumzia Madame Bovary humtaja Emma. Humtaja na mumewe Charles, tabibu wa kijijini asiyejua kinachoendelea ndani ya nyumba yake, na wale wapenzi wawili, Rodolphe mwenye shamba na Léon karani. Mimi humtaja Lheureux, muuza vitambaa. Gustave Flaubert alitumia karibu miaka mitano, kuanzia 1851 hadi 1856, kuiandika riwaya hiyo, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya ufundi wake aliificha ndani ya mtu huyu mnene, mwenye maneno laini, anayeingia katika nyumba za watu kwa adabu nyingi na kutoka humo, baada ya miaka kadhaa, na nyumba yenyewe.

Kwa ambaye hajaisoma: Emma ni binti wa mkulima wa Normandy, amelelewa kwa masista, kichwa kimejaa riwaya za mahaba. Anaolewa na Charles, anamchoka. Wanahamia kijiji kiitwacho Yonville. Anampata Rodolphe, Rodolphe anamkimbia. Anampata Léon, Léon anamchoka na yeye anamchoka Léon. Mwisho anakula sumu. Ukisimuliwa hivyo utasema ni kisa cha mke asiyetulia, na ndivyo mwendesha mashtaka Ernest Pinard alivyokisoma alipomfikisha Flaubert mahakamani Paris mnamo Januari 1857, kwa kosa la kuchafua maadili na dini. Mahakama ilimwachia huru tarehe 7 Februari. Ninachoshangaa ni kwamba kwenye kesi ile kelele zote zilikuwa juu ya vitanda. Emma hafi kwa sababu ya kitanda. Anakufa kwa sababu ya faranga 8,000 anazotakiwa kuzilipa ndani ya saa 24, na kila faranga kati ya hizo ina historia yake, nayo mwandishi ameiandika.

Tazama Lheureux anavyobisha hodi mara ya kwanza. Analeta sanduku. Anatoa skafu tatu za Aljeria, pakiti za sindano za Kiingereza, jozi ya kandambili za majani, na vikombe vinne vya kuwekea mayai vilivyochongwa kwa vifuu vya nazi na wafungwa. Emma anauliza bei ya skafu. Kidogo tu, anajibu, na hakuna haraka, mtalipa mtakapopenda. Emma anafikiri, anakataa. Mchuuzi hakasiriki hata kidogo. Anafunga sanduku lake, anafika mlangoni, kisha anageuka na kumnong'oneza kwamba hata akihitaji fedha taslimu, yeye anaweza kumpatia. Halafu anabadilisha maneno, anauliza hali ya mzee Tellier, mwenye mkahawa, ambaye ni mgonjwa wa daktari. Anaondoka. Emma anabaki akijisifu kwa busara yake.

Msomaji wa haraka ataona mandhari ya kijijini tu. Kurasa nyingi baadaye, mwenye nyumba ya wageni anasema kwa kupita kwamba mkahawa wa Tellier unapigwa mnada, na anayemfilisi ni Lheureux. Hapo ndipo unarudi nyuma na kuelewa kwamba ile hali ya mgonjwa iliulizwa na mtu anayemngoja mgonjwa wake. Flaubert hakusema neno. Aliweka jina la Tellier mahali pake, akaliacha liive.

Mahali ninapomfikiria Lheureux kuliko pote ni mbali sana na Normandy. Ni Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, Zambia, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ni Kongo. Upande huu watu husema Kibemba; upande ule, Kilwa na Pweto, Kiswahili ndicho lugha ya soko, na anayefanya biashara na Wakongo hukiokota njiani. Tangu 2018 kimeongezewa wasemaji na wakimbizi wa Kongo waliopewa makazi Mantapala, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Nchelenge. Kwa hiyo mtu wa Kigoma au wa Lubumbashi akishuka Kashikishi hapotei. Akifika ufukoni alfajiri hata lugha hatahitaji sana, maana kinachoendelea pale anakijua tangu utoto.

Mitumbwi imekesha na taa. Samaki anayefuatwa ni chisense, mdogo, hafiki urefu wa kidole, ndugu wa dagaa kwa namna anavyovuliwa na anavyoliwa. Usiku wa giza ndio wake, kwa sababu mwanga wa taa humvuta juu. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hulala. Kukikucha mitumbwi inaingia, na wanawake wameshajipanga na mabeseni. Mzigo unapimwa kwa beseni, na hapo ndipo macho yako yafanye kazi: beseni limejazwa mpaka ukingoni au limepandishwa kichuguu? Mkono wa mpimaji umetikisa ili samaki washuke, au umewaacha wamelegea? Hakuna anayesema kitu, lakini wote wanatazama mkono ule. Kisha samaki wanaanikwa. Jua likiwa kali siku moja inatosha. Wingu likitanda, mzigo unaanza kunuka, na kila saa inayopita bei inashuka. Aliyeanika juu ya mchanga mtupu atauza kwa bei ya chini kuliko aliyeanika juu ya chanja au wavu, kwa kuwa mlaji wa mjini hataki kusaga kokoto. Yote haya yanafanyika, mara nyingi, kabla hata ya senti moja kulipwa.

Ni mali kauli. Mwenye mtumbwi amechukua mafuta na nyavu kwa mtu. Mwanamke wa beseni amechukua samaki kwa mwenye mtumbwi. Mfanyabiashara wa gunia amechukua kwa mwanamke wa beseni, naye ameahidi kulipa akirudi kutoka Ukanda wa Shaba au Lubumbashi. Mnyororo mzima unashikiliwa na neno. Ukikatika popote, kuna anayekimbilia kwa mkopeshaji wa mtaani. Zambia mkopo wa namna hiyo huitwa kaloba, Tanzania tumeupa jina lake la haki, kausha damu. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Ni hatua njema kwa ziwa. Kwa mwenye deni ni miezi mirefu, na katikati yake shule zinafunguliwa.

Mkopo wa bidhaa kwenye ufuko huu una umri mkubwa. Mwaka 1867, miaka kumi baada ya kesi ya Flaubert, Hamed bin Muhammed, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu aitwaye Tippu Tip, alimpiga Nsama wa Watabwa katika nchi ya Itahua, kati ya Mweru na Tanganyika, akatwaa pembe zake. Yeye mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, alichokieleza kwa Kiswahili, hafichi kwamba bidhaa za safari zake alizichukua kwa mkopo kwa Wahindi wa Unguja. Novemba ya mwaka huohuo David Livingstone alifika Mweru akiwa amefuatana na wafanyabiashara wa misafara hiyo, na alipofika kwa Mwata Kazembe, mtawala wa bonde la Luapula, alimkuta Mohamed bin Salehe, mtu wa pwani, ameshakaa huko miaka mingi. Bidhaa kubwa ya misafara ilikuwa nguo: merikani, kaniki, vitambaa vya rangi. Tajiri wa Unguja alimkopesha mwenye msafara, mwenye msafara akamkopesha au akamzawadia mtawala, na mtawala akawagawia watu wake nguo ambayo thamani yake ingelipwa kwa pembe na kwa watu. Lheureux naye ni muuza nguo. Jiji analokwenda Emma kukutana na Léon ni Rouen, ambalo karne ile lilikuwa kitovu kimojawapo cha viwanda vya pamba vya Ufaransa. Sidai kwamba kitambaa cha Rouen kilifika Kazembe. Ninachosema ni kwamba mwandishi wa Normandy na msafara wa Itahua waliishi chini ya hesabu moja, ile inayompa mtu kitambaa leo na kumdai uhai kesho.

Baadaye wakaja Wagiriki. Tangu miaka ya 1920 walijikita Kasenga, ng'ambo ya mto Luapula, wakanunua samaki na kuwapeleka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kulisha wachimba shaba. Samaki mkuu alikuwa mpumbu, aliyepanda Luapula kwa makundi makubwa wakati wa kutaga mayai, akakutana na nyavu njiani. Kufikia miaka ya 1950 alikuwa karibu kutoweka. Mwanahistoria David Gordon, katika kitabu chake Nachituti's Gift cha mwaka 2006, ameieleza habari hiyo kwa kirefu, pamoja na jambo linalonihusu zaidi hapa: chisense alipopanda chati katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita, wanawake walipata nafasi ambayo uvuvi wa samaki wakubwa haukuwapa. Wapo walionunua mitumbwi, nyavu na taa, wakawaajiri vijana wa kiume wakavue kwa niaba yao.

Hapa lazima niseme wazi, maana kuna kishawishi cha kumwona Emma Bovary katika kila mwanamke anayedaiwa. Mama wa Kashikishi si Emma. Emma hazalishi kitu. Ananunua: kiti cha kusalia, gauni la buluu kutoka Rouen, malimau ya kusafishia kucha, mjeledi wenye kishikio cha fedha iliyopakwa dhahabu kwa ajili ya Rodolphe, kisha joho na sanduku la safari ya kutoroka ambayo haitafanyika. Deni lake ni la matumizi. Deni la mama wa chisense ni mtaji. Akikopa mabeseni kumi anajua yatakuwa magunia mangapi na kila gunia litamletea nini. Emma angepewa mtumbwi na taa, labda riwaya isingekuwapo. Sheria ya Ufaransa ya wakati ule ilimfanya mke awe chini ya mumewe hata katika kuweka sahihi, na Lheureux ndiye anayemfundisha njia ya kukwepa kizuizi hicho: apate hati ya uwakilishi kutoka kwa Charles. Uhuru wa kwanza Emma anaoupata maishani ni uhuru wa kukopa. Sijui kama kuna mwandishi mwingine wa karne ile aliyeliona jambo hilo kwa ukali kama huo.

Ndiyo maana nausifu ufundi huu, nao ni ufundi wa karani. Flaubert anaandika bei. Mjeledi na vikorokoro vingine vinakuja na ankara ya faranga 270. Emma hana, Lheureux anasema kwa utani kwamba basi atamwomba daktari amrudishie mjeledi, na kwa utani huo Emma anatambua kwamba siri yake imeshajulikana dukani. Rodolphe anapomkimbia na Emma kuugua, Lheureux anamgeukia Charles, anamkopesha faranga 1,000, na Charles anatia sahihi kulipa 1,070 baada ya mwaka. Karatasi zinapewa muda mpya. Karatasi zinahamishiwa kwa mtu wa Rouen aitwaye Vinçart, ili Lheureux aweze kuja kusikitika pamoja nao na kusema mikono yake imefungwa. Kila busu lina tarehe, na kila tarehe ina karatasi. Hata akishakufa, ankara zinaendelea kuingia: mwalimu wa piano anadai ada ya miezi sita kwa masomo ambayo Emma hakuyahudhuria hata mara moja, kwa kuwa masomo hayo yalikuwa kisingizio cha kwenda kwa Léon.

Na hakuna mahubiri. Hilo ndilo linaloniumiza roho kila ninapoisoma, kwa wivu wa mwandishi. Mtu mwenye kalamu dhaifu angetuambia kwamba tamaa mbele, mauti nyuma, akafunga kitabu. Flaubert anatupeleka kwenye maonyesho ya kilimo. Uwanjani, wakubwa wa serikali wanahutubia na kutangaza zawadi za nguruwe, kondoo dume na samadi. Juu ghorofani, kwenye ukumbi mtupu wa baraza la kijiji, Rodolphe ameketi na Emma, anamnong'oneza habari za nyota zilizowakutanisha. Sentensi moja ya mapenzi, tangazo moja la samadi, sentensi moja, tangazo moja, mpaka sauti mbili zinageuka mnada mmoja. Kisha, kimya kinapokuja, anaitwa jukwaani kikongwe mmoja, Catherine Leroux, apokee medali ya fedha yenye thamani ya faranga 25 kwa kutumika katika shamba moja kwa miaka 54. Mikono yake imekakamaa kwa vumbi la ghala na magadi ya kufulia. Piga hesabu mwenyewe, mwandishi hakupigii: nusu karne ya kazi, na bei yake haifikii hata sehemu ya kumi ya ankara moja ya Emma. Bibi huyo haonekani tena katika riwaya.

Halafu kuna ile siku ya mwisho. Emma anakwenda kwa mthibitishaji wa hati, Guillaumin, kuomba msaada. Bwana huyo anaendelea kula kifungua kinywa chake, anamsikiliza, kisha anaanza kumshika mkono na kumweleza masharti. Emma anatoka kwa hasira. Jioni ya siku hiyohiyo anakwenda kwa Rodolphe kumwomba faranga 3,000, amejipamba kwa machozi na kumbukumbu, na mwandishi anatuonyesha, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba Emma haoni kuwa anakwenda kutoa kilekile alichokataa asubuhi. Rodolphe anajibu kwamba hana fedha hizo. Anasema kweli. Hapo mapenzi na biashara vinakuwa vimekaa kiti kimoja, na aliyeviketisha pamoja hayumo chumbani: yuko dukani, anakunja vitambaa.

Anayejua maziwa na mito yetu hatahitaji kufafanuliwa ukurasa huo. Upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria kuna jaboya, ambapo mwanamke anayetaka samaki hulazimika kuwa mpenzi wa mvuvi. Katika nyanda za mto Kafue, Zambia hiyohiyo, watafiti Christophe Béné na Sonja Merten waliandika mwaka 2008 kuhusu wanawake wanaojenga mahusiano na wavuvi kwa ajili ya samaki, wakaonya kwamba kulieleza jambo hilo kwa neno umaskini peke yake ni kulirahisisha mno. Mapenzi yanaweza kuwa njia ya kuhakikisha kwamba mtumbwi ukiingia mzigo ni wako, wakati wanunuzi ni wengi na samaki wanaoza. Linapokuwa hivyo, linabaki swali ambalo mtafiti hawezi kulijibu kwa jedwali: je, huyu mwanamke anampenda yule kijana? Huenda anampenda. Huenda alianza kwa hesabu, siku moja akajikuta anasikiliza upepo usiku kwa hofu ya mtumbwi kupinduka. Huenda kijana ndiye aliyependa kwanza, akapandisha kichuguu kwenye beseni. Hapo anahitajika mwandishi wa riwaya, mwenye daftari mkono mmoja na subira mkono wa pili.

Ufuko wa Mweru una kisa chake cha kale kuhusu kutoa na kudai, na ndicho alichokichukulia jina la kitabu chake Gordon. Nkuba, mtawala wa ziwa, alimuua mwana wa dada yake Nachituti na kuitandika ngozi ya kijana huyo mahali pa kukalia. Nachituti alipogundua alikwenda kwa Mwata Kazembe kuomba kisasi. Kazembe akamtuma mtu wake, Nkuba akauawa. Nachituti, kwa kushukuru, akampa Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji: nchi na ziwa. Kila ninapokifikiria kisa hiki naona jinsi kilivyo mbali na Yonville na jinsi kilivyo jirani. Hapa mwanamke mwenye uchungu analipa kwa ziwa zima, na malipo hayo yanaitwa zawadi. Tangu siku hiyo wenye enzi wana haki, na waliokuwapo kabla yao nao wana la kusema. Hakuna hati. Kuna kikapu na chungu, na kumbukumbu inayosimuliwa hadi leo. Lheureux angekiona kisa hiki cha kijinga. Angetaka sahihi.

Flaubert mwenyewe hakuwa mchuuzi. Baba yake alikuwa daktari mpasuaji wa Rouen, na mwana aliishi kwa mali ya familia katika nyumba ya Croisset, kando ya mto Seine, akiandika polepole na kuzisoma sentensi zake kwa sauti ya juu hadi masikio yaridhike. Mtu angeweza kumwambia kwamba madeni ameyasoma vitabuni. Mwaka 1875 yakamfikia. Biashara ya mbao ya Commanville, mume wa mpwa wake Caroline aliyemlea, ilianguka, na mzee akauza shamba lake la Deauville kuwanusuru. Alikufa 1880, hali yake ya fedha ikiwa imedhoofika. Aliyekuwa amemchora Charles Bovary akitia sahihi karatasi kwa ajili ya ampendaye, miaka kumi na tisa baada ya riwaya alilipa madeni kwa ajili ya ampendaye. Sichekelei, nadhani asingeweza kumwandika Charles vile kama hakuwa na moyo huo tangu mwanzo.

Ukurasa wa mwisho wa riwaya ni wa karani kabisa. Charles amekufa. Vitu vyote vinauzwa, zinabaki faranga 12 na santimu 75, nazo zinakuwa nauli ya kumpeleka mtoto wao, Berthe, kwa bibi yake. Bibi anakufa mwaka huohuo. Shangazi fukara anamchukua mtoto na kumtuma kiwandani akapate riziki. Kiwanda cha nini? Cha pamba. Mama alinunua vitambaa mpaka vikamuua; binti anakwenda kuvitengeneza. Mwandishi hasemi kwamba mambo hayo mawili yanahusiana, wala haweki alama yoyote ya kukuamsha. Anahama, anatuambia habari za mwuza dawa wa kijiji aliyepata nishani, na kitabu kinaisha.

Sisi tunao waandishi waliokaribia. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, katika Rosa Mistika ya 1971 alimweka binti wa kisiwani kati ya ukali wa baba na ulaghai wa wanaume wenye vyeo, naye hakuihurumia jamii yake; kitabu kikapigwa marufuku shuleni kwa muda, kama vile Flaubert alivyoburutwa mahakamani. Lakini riwaya zetu nyingi za mapenzi, na tamthilia za runinga hata zaidi, bado zinatuambia kwamba fulani aliponzwa na tamaa, basi. Tamaa ya kiasi gani? Alikopa kwa nani? Riba ilikuwa ngapi, na nani alikuwa mdhamini? Msichana anaharibika sura ya tano, sura ya sita ana gari, na hatuonyeshwi karatasi iliyotiwa sahihi katikati. Kwa wasomaji wanaojua kausha damu kwa majina na namba za simu, wanaoamka na ujumbe wa deni kabla ya ujumbe wa mpenzi, huku ni kuwapunja.

Kwa hiyo wewe kijana unayetaka kuandika mapenzi, nina ombi. Panda basi hadi Mansa, kisha ufuate barabara ya kaskazini mpaka ziwa lionekane. Fika Kashikishi siku za giza, uamke alfajiri. Usimuulize mtu nani anampenda nani. Uliza beseni ni kwacha ngapi leo na jana lilikuwa ngapi. Mafuta ya taa kaweka nani. Mzigo ukiuzwa Lubumbashi nani analipwa kwanza na nani anaambiwa asubiri. Kitenge kipya alichovaa yule mwenye mtumbwi kalipia taslimu au kwa kauli, na kwa kauli ya nani. Andika majibu yote, na tarehe. Kaa hadi mwezi uwake na wavuvi walale, maana nyakati hizo ndipo watu huzungumza mengine. Kisha urudi nyumbani uandike riwaya, kwa Kiswahili, hata ikikuchukua miaka mitano. Ikitoka mtamboni nijulishe, nitainunua kwa fedha taslimu.